MD-PhD miaka minane au PhD peke yake? Naombeni ushauri kabla sijajaza fomu

Binti wa Tanga (mleta uzi)

Salaam wanajamvi. Mnivumilie, uzi ni mrefu. Nimeuandika na kuufuta mara tatu wiki hii, leo nauacha kama ulivyo.

Nina miaka 24. Nimezaliwa Tanga, nikaja Marekani na wazazi nikiwa na miaka 14, tuna grini kadi. Digrii yangu ni biokemia, na huu ni mwaka wa pili nafanya kazi kwenye maabara hapa Ohio inayotafiti selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwezi wa tano dirisha la kuomba vyuo vya udaktari linafunguliwa na mimi bado sijui naomba kitu gani.

Kwa wasiofahamu, huku kuna mpango wa kusoma udaktari wa tiba (MD) na PhD, ile shahada ya utafiti, kwa pamoja. Miaka kama minane, unatoka na vyote viwili. Njia nyingine ni PhD peke yake, mitano au sita.

Kilichonileta kwenye selimundu ni mdogo wangu wa kiume. Tulipokuwa Tanga tulilala chumba kimoja. Maumivu yakimshika usiku alikuwa halii, anauma shuka. Mimi nilikuwa najua kwa sababu ameacha kujigeuza. Namwamsha mama, mama anachemsha maji, anayatia kwenye chupa, chupa anaiviringisha kanga, anamwekea gotini. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kumpapasa mgongo mpaka adhana ya alfajiri. Mtaani walisema ni baridi yabisi. Wengine walisema mengine ambayo mama hakutaka tuyasikie.

Sasa kazini naona usiku ule kwa upande wa pili. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unaondoa oksijeni, unatazama kwenye hadubini. Chembe zilizokuwa za mviringo kama vitumbua zinaanza kuchongoka, moja baada ya nyingine, mpaka kioo kizima kimejaa mundu. Ukirudisha oksijeni nyingi zinarudia umbo lake. Zipo ambazo hazirudi tena. Naweza kukaa pale tangu asubuhi nisikumbuke kula.

Hesabu ndiyo inayonitisha. Nikianza na miaka 25, MD-PhD namaliza na 33. Ubingwa wa watoto mitatu, ubobezi wa damu mingine mitatu, nina 39 ndipo naanza kujitegemea. PhD peke yake namaliza na 31, nafanya utafiti chini ya mtu miaka kadhaa, labda 35 nina maabara yangu, Mungu akijalia.

Mama anataka daktari anayetibu. PhD kwake ni ualimu. Mdogo wangu nilipomuuliza akasema, "Dada, fanya ile ambayo hutaikimbia."

Aliyepita njia mojawapo aniambie ukweli wake. Nawasilisha.

Kipanga

Naweka kambi hapa. Binti yangu yuko kidato cha sita PCB na maswali ni hayahaya. Mimi kama mzazi nauliza la kwanza: hiyo miaka minane ada analipa nani?

Koti Fupi

Mzee Kipanga shikamoo. Dada, karibu.

Mimi ni Mtanzania, nipo mwaka wa saba wa MD-PhD huku Marekani, nimerudi wodini miezi minne iliyopita.

Nianze na ada. Mwanafunzi wa MD-PhD kwenye vyuo vinavyofadhiliwa halipi ada, na anapewa posho ya kujikimu miaka yote. Mpango huo ulianzishwa na NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, mwaka 1964 kwa vyuo vitatu, leo ni zaidi ya 50. Ila hela ya NIH ni ya raia na wenye grini kadi. Mwenye viza ya mwanafunzi anategemea hela ya chuo chenyewe, na vyuo vinavyompokea ni vya kuhesabu. Dada kwako mlango uko wazi.

Na hapohapo ndipo watu wanapojikwaa, wanaingia kwa sababu ni bure. Fanya hesabu vizuri: miaka minne ya maabara ni miaka minne ambayo mwenzako aliyesoma MD peke yake anapokea mshahara wa bingwa, na mshahara huo unalipa mkopo wake na chenji inabaki. Kwa fedha peke yake MD-PhD ni hasara. Aliyeingia kwa ajili ya ada utamtambua mwaka wa nne, maabara haimpendezi, anahesabu siku.

Mwendo wake uko hivi. Miaka miwili ya darasa la udaktari, unafanya Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari. Halafu unawaaga wenzako, unaingia maabara miaka mitatu mpaka mitano, unaandika tasnifu, unaitetea. Kisha unarudi wodini miaka miwili ya mwisho. Kuna waliovunjikia kwenye maabara, lakini kwangu mimi pagumu palikuwa kurudi.

Siku ya kwanza nilipewa mgonjwa mmoja tu. Mama wa miaka hamsini na kitu, moyo umechoka, miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilikaa naye karibu saa nzima. Alinieleza jinsi anavyolala ameegemea mito mitatu ili apumue. Nikatoka nikasimama mbele ya daktari bingwa, karatasi mkononi inatetemeka. Protini za figo ningemweleza mpaka jioni, lakini presha ya yule mama nilisahau kuisema, na uzito wake wa jana nilikuwa sijauangalia. Aliyekuwa anasimamia wanafunzi kwenye ile raundi tulianza naye chuo siku moja. Hakunicheka. Alinivuta pembeni akanionyesha jinsi ya kupanga maelezo upya, kama alivyofanyiwa yeye. Miezi miwili nilikuwa naamka saa tisa usiku kusoma nilichowahi kukijua.

Nakueleza haya kwa sababu kwenye usaili hawakuelezi.

Kinachonifanya nisijute ni kwamba swali langu la tasnifu lilitoka kwa mgonjwa niliyemwona mwaka wa pili. Angalia ugonjwa wako mwenyewe, dada. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa Brooklyn aliona kwamba chembe za damu za vichanga wenye selimundu hazipindi sana, akahisi himoglobini ya tumboni, yaani protini ya kubeba oksijeni ambayo mtoto huwa nayo kabla ya kuzaliwa, inawakinga. Hilo limeonekana kwa jicho la mtu aliyekaa na wagonjwa. Miaka 60 baadaye, 2008, Vijay Sankaran, akiwa bado mwanafunzi wa MD-PhD kwenye maabara ya Stuart Orkin, akashiriki kuonyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayozima himoglobini ile mtoto anapokua. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 inalenga swichi hiyohiyo. Na Orkin mwenyewe ni daktari wa MD, PhD hana. Kwa hiyo hata MD peke yake ukiongeza miaka ya maabara inafika, hiyo ni njia ya tatu ambayo hujaitaja.

Swali langu kwako: umewahi kukaa kliniki ya selimundu ukiwa si dada wa mgonjwa?

Binti wa Tanga

Hapana. Nimekaa sana kwenye benchi la kusubiri. Ndani kama mwanafunzi, bado.

Pipeti

Naomba kupingana na Koti Fupi kidogo, kwa heshima.

Mimi nina PhD ya baiolojia ya molekuli, nipo huku mwaka wa 11. Huwa naumia nikiona vijana wetu wanaichukulia PhD kama kiti cha waliokosa udaktari. Historia ya selimundu haikubaliani na hilo hata kidogo. Linus Pauling alikuwa mkemia. Mwaka 1949 maabara yake ndiyo iliyoonyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa inatofautiana na ya mtu mzima wa afya, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa molekuli. Vernon Ingram hakuwa daktari wa kutibu. Yeye mwaka 1957 akasema tofauti yote ile, maumivu yote yale ya mdogo wako, ni asidi amino moja, kijipande kimoja tu kwenye mnyororo mzima wa protini. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Lakini kuwa mkweli kunanidai niseme na hili: kwenye karatasi ya Pauling jina la pili ni Harvey Itano, naye alikuwa daktari tayari, amemaliza udaktari 1945, akaenda kwa Pauling kusomea PhD. Mtoto wa Wajapani aliyezaliwa Marekani, na wakati wa vita alifungiwa kambini kwa sababu ya asili yake. Huyo alifanya vyote viwili kabla mpango wenyewe haujakuwepo.

Na chanjo ya mRNA tuliyodungwa wakati wa Korona? Katalin Karikó ni PhD ya biokemia. Drew Weissman ni MD-PhD. Walikutana kwenye mashine ya fotokopi chuoni, wakaanza kuzungumza, Nobeli wamepewa pamoja 2023. Mmoja alijua kutengeneza RNA, mwingine alijua kinga ya mwili na alikuwa anahangaika na chanjo. Kwa hiyo dada, ukikosa upande mmoja unaweza kumpata mtu mwenye upande huo. Si lazima kichwa kimoja kibebe kila kitu.

Sasa PhD yenyewe. Ada hulipi, posho unapewa, na hapa mwenye viza ana nafasi kubwa kuliko kwenye MD-PhD. Mwaka wa kwanza unazunguka maabara tatu hivi, wiki kadhaa kila moja, ndipo unachagua msimamizi. Nasisitiza hapo: unachagua msimamizi, jina la chuo liweke nyuma. Mimi nilichagua jina. Mwaka wa tatu ruzuku ya msimamizi ikakatika, akatuambia Ijumaa jioni, wanafunzi wanne. Panya wangu ambao nilikuwa nimewazalisha kwa miezi 14 hawakuwa na wa kuwalipia. Nilianza upya kwenye maabara nyingine na swali jingine. PhD ya miaka mitano ikawa saba na nusu. Yule mzee hakuwa mtu mbaya, ila sikuwahi kumuuliza swali moja rahisi: "Ruzuku yako inaisha lini?" Uliza. Waulize na wanafunzi wake, nje ya ofisi, wanamaliza kwa miaka mingapi na wako wapi sasa.

Ukitaka kujua kama wewe ni wa PhD, kumbuka jaribio lililokufa mikononi mwako. Siku iliyofuata ulikwenda kazini na hamu au kwa kujilazimisha? Maana miaka yote hiyo ni majaribio yanayokufa, na machache yanayoishi.

Zamu ya Usiku

Habari za jioni wakuu. Naandika toka Dar, nimetoka zamu.

Naongea na wale wanaosoma uzi huu wakiwa nyumbani, maana naona PM zinaanza kuulizana "na mimi niombe MD-PhD ya Marekani?" Kama tayari una MD ya Muhimbili, Bugando au KCMC, mpango ule si wako. Ule ni wa mtu ambaye bado hajasoma udaktari. Wewe nusu ya kwanza unayo. Unachohitaji ni PhD, na swali lako ni lini: kabla ya MMed, yaani ubingwa, au baada?

Mimi nilimaliza MD miaka mitano, intern mwaka mmoja, nikafanya kazi mkoani, nikarudi MMed ya watoto, sasa nipo mwaka wa pili wa PhD. Nilichojifunza: MMed kwanza kama unataka kugusa mgonjwa uzeeni mwako. Daktari aliyekimbilia PhD mapema akakaa miaka mitano mbali na wodi, kurudi MMed na watoto wadogo nyumbani ni mlima. Nawajua waliorudi. Nawajua zaidi ambao hawakurudi. Ila wengine walifurahi kutokurudi, na hao pia tunawahitaji.

Mfano wa hapa nyumbani kwenye ugonjwa wa mleta uzi ni Profesa Julie Makani. Udaktari kasoma Muhimbili, PhD ikaja baadaye kwenye utafiti wa selimundu hapahapa, na kundi la wagonjwa wanaofuatiliwa Muhimbili lilianza 2004. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Bila mtu kukaa na wagonjwa wale mwaka baada ya mwaka na kuandika kila homa na kila kuongezewa damu, tungekuwa bado tunaongea kwa kukisia.

Njia za PhD kwa sisi wa hapa zipo: kusajiliwa nyumbani na msimamizi mmoja wa nje, au ule mtindo wa sandwichi ambao wenzetu wengi walisoma kati ya Muhimbili na vyuo vya Sweden kama Karolinska na Umeå, nusu huku nusu kule. Uzuri wake wagonjwa unaowatafiti ni wa kwenu na unabaki nao.

Jambo moja la lugha, maana linaumiza familia. Kwa Kiswahili wote tunaitwa daktari. Mama akisikia "mwanangu daktari" anaona koti jeupe. Mleta uzi, ukienda PhD peke yake mweleze mama mapema kwamba hutaruhusiwa kuandika dawa hata ya mdogo wako. Asije akajua siku ya mahafali.

Upepo wa Kilifi

Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Kenya, Kilifi. Niliajiriwa miaka kadhaa kama mtu wa kufuatilia watoto kwenye tafiti, kwa hivyo sina PhD wala MD, lakini nimewaona wote wakifanya kazi.

Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome hapa kipo tangu 1989. Kilifi ilikuwa mojawapo ya sehemu nne za utafiti wa REACH, pamoja na Angola, Kongo na Uganda: zaidi ya watoto 600 wa selimundu wakapewa haidroksiyurea, dawa ya kumeza. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria ikapungua, jambo ambalo watu walikuwa wakiliogopa liende kinyume.

Nataka dada alinganishe. Ile tiba ya jeni aliyoitaja Koti Fupi bei yake Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na lazima apitie kemotherapia kwanza. Kidonge ni kidonge. Mtu wa maabara aligundua swichi, sawa, nampa heshima zake. Lakini mtoto wa hapa aliyepata nafuu alipata kwa sababu kuna daktari aliyejua kupanga utafiti na pia akajua kumtazama mtoto machoni na kuona ana upungufu wa damu kabla ya kipimo kurudi.

Tena msisahau Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya. Alikuwa na udaktari na alikuwa na PhD ya Oxford. Alipima damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akaonyesha kwamba aliyerithi selimundu upande mmoja tu anakingwa na malaria. Mtu wa jeni peke yake hangeifikiria malaria. Daktari wa malaria peke yake hangeifikiria jeni. Kura yangu ni vyote viwili.

Kipanga

Nashukuru sana vijana wangu. Nimemsomea binti yangu uzi wote mezani. Alichouliza yeye: akisoma MD Tanzania kwanza, je, atakuwa amejifungia milango ya nje?

Zamu ya Usiku

Hapana mzee. PhD ya nje ataomba akiwa na MD yake na wengi watampenda kwa sababu hiyo. Kinachokuwa kigumu ni kutibu huko: Marekani kwa kawaida atatakiwa kufanya USMLE, mitihani yao ya leseni, na ubingwa upya kwao. Kama ndoto yake ni kutibu hapa na kutafiti hapa, hajajifungia chochote.

Binti wa Tanga

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Koti Fupi swali lako liliniuma, nikaandika barua pepe kwa daktari wa kliniki ya selimundu ya watoto, akaniruhusu nikae pembeni Alhamisi tatu. Simu mfukoni, mdomo nimefunga.

Alhamisi ya pili alikuja mama na wanawe wawili, mmoja miaka tisa, mwingine sita. Wote wana SS, yaani wamerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa amelazwa mara nne mwaka huu. Mdogo miaka miwili hajagusa kitanda cha hospitali. Yule wa miaka tisa alikuwa anachora gari kwenye ile karatasi wanayotandika juu ya kitanda cha kupimia, anachora taratibu kwa sababu bega linamuuma, anahamisha kalamu mkono wa kushoto, anarudi wa kulia. Mama akamuuliza daktari, "Kwa nini huyu na si yule?" Daktari akamweleza habari ya himoglobini ya tumboni, kwamba mdogo amebaki nayo nyingi zaidi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena, "Sawa. Lakini kwa nini huyu na si yule?"

Nimeendesha gari kurudi nyumbani na swali hilo. Kesho yake nilifika kazini saa moja asubuhi, nikafungua sampuli zetu, nikaanza kutafuta kama tuna ndugu wa damu kwenye friza. Wamo. Jozi sita.

Pipeti, nimejibu na swali lako pia. Mwezi wa pili jaribio langu la wiki tano lilikufa kwa sababu ya bafa, kile kimiminika cha kuwekea sampuli, niliyoikosea mwenyewe. Kesho yake nilikwenda na hamu. Hilo lilinifanya nione kwamba PhD naiweza hata peke yake, na nikiipata hiyo tu sitajiona nimepungukiwa.

Nimeamua kuomba MD-PhD vyuo 12 mwezi wa sita, na Desemba naomba PhD vyuo vitatu ambavyo nimeshaongea na wasimamizi wao, na ndiyo, nimewauliza ruzuku inaisha lini. Mmoja alinijibu kwa mwaka na mwezi. Mwingine alibadilisha mazungumzo, nikamtoa kwenye orodha na kuweka mwingine.

Mama nimemweleza yote mawili, na la kuandika dawa nimelisema wazi kama Zamu ya Usiku alivyoshauri. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Halafu akauliza kama kwenye hiyo miaka minane nitakuwa napata likizo ya Idi.

Nina ombi moja la mwisho. Insha ya "kwa nini MD-PhD" ni fupi sana. Nianze na tochi ya Tanga?

Koti Fupi

Anza na wale ndugu wawili na swali la mama yao, halafu friza na zile jozi sita. Wanataka kuona swali linavyotoka kliniki kwenda maabara, na wewe umeshalitembeza. Tochi iweke kwenye insha kuu ya udaktari, ina nafasi zaidi. Na kwenye insha ya utafiti andika kuhusu bafa uliyoikosea, usiifiche, watakuuliza.

Nitumie PM rasimu ukimaliza. Nipo likizo mpaka tarehe 9, baada ya hapo naanza zamu za upasuaji na sitakuwa na muda wa kusoma vizuri.

Binti wa Tanga

Nimekutumia ya kwanza sasa hivi. Ina maneno 300 zaidi, naomba unionyeshe pa kukata.